Hodi ya Ukumbi wa Pili

Kila msimu wa mvua makumbusho ya historia hubadilisha maonyesho, na kazi yote humwangukia Fundi. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa pili, akikaza kwenye ukuta mweupe mlango wa mbao pamoja na fremu yake, chini ya bango lililosema Vitu Vipya Tulivyopokea. Mlango aliujua. Alikulia nyuma yake, na alama alizopimwa urefu utotoni bado zilikuwa kwenye fremu.

Alipomaliza aliugonga kidogo kuona kama umeshika. Kwa mazoea, ulimi ukamponyoka.

"Hodi."

"Karibu," mama yake akajibu kutoka ndani. "Lakini sifungui."

Mama hakuwa amebadilika. Manispaa ilipovunja mtaa wao ili makumbusho yapate maegesho ya magari, majirani walifunga virago, yeye akafunga komeo. Tingatinga likaingia kwa ukuta wa nyuma. Alizikwa kesho yake, na mlango ukabaki umesimama peke yake, umefungwa kwa ndani, mpaka lori la makumbusho lilipokuja kuuchukua.

Mhifadhi mkuu, kijana mpole mwenye kuchunga sana suruali yake isikunjike, alifurahi kusikia kwamba mlango unajibu. Wageni wanapenda vitu vinavyojibu. Haukupita muda wanafunzi wakawa wanapanga foleni kupiga hodi, na mama, ambaye hajawahi kumnyima mtu karibu hata akiwa na homa, aliwajibu wote mpaka sauti ikamkauka. Mhifadhi akamwekea saa za kupumzika.

Tatizo lilikuwa kibao cha maelezo. Kiliandikwa: Mlango wa nyumba. Umetolewa na wenyewe kwa hiari.

"Waambie waandike nilikataa," mama alisema kila ukumbi ulipobaki mtupu. "Wakiandika tu, natoka nikuone, mwanangu. Nimechoka kusimama."

Fundi akaenda ofisini. Mhifadhi alimvutia kiti.

"Pole sana, dada yangu. Ila 'alikataa' ni neno zito. Mtu akilisoma atauliza alikataa nini, halafu atachungulia dirishani aone magari yetu."

"Si achungulie, mkuu."

"Tuache kwanza msimu upite."

Fundi akachukua bisibisi akalikwangua neno hiari. Kesho yake kibao kilikuwa kipya, na akaambiwa kwa upole uleule kwamba akirudia, kazi hana. Akanywea. Lakini hamu ya kumwona mama yake ilimzidi mpaka akaacha kula, na jioni moja alipoulizwa tena kama wameandika, alijibu:

"Wameandika, mama."

Komeo likalia. Mama akatoka na gauni lake la nyumbani, vumbi la matofali limejaa nyweleni, akamshika binti yake mashavu yote mawili.

"Umekonda. Unakula kweli wewe?"

Walikumbatiana, na Fundi akalia kama mtoto. Kisha mama, ambaye hakusoma, akamwita mlinzi aliyekuwa akifunga madirisha.

"Baba, hebu nisomee hiki kibao. Nataka nisikie walivyoandika."

Mlinzi, mtu asiyejua kupindisha jambo, akasoma polepole kwa sauti ya kutangaza: umetolewa na wenyewe kwa hiari.

Mama hakugomba. Alimgeukia Fundi.

"Wenyewe tulikuwa wawili," akasema. "Mimi sikutoa."

Akarudi ndani, akasukuma komeo.

Tangu hapo mlango haukumjibu mtu. Wageni wakalalamika, mhifadhi akasema umeharibika, na msimu uliofuata ukumbi ukapewa saa za ukutani. Fundi akafungua skrubu alizokaza mwenyewe. Nyuma ya mlango palikuwa na ukuta mweupe, basi. Yeye na mlinzi wakaubeba mlango kuushusha ghalani, wakitweta, kwa kuwa ulikuwa mzito kuliko siku ulipoingia.

"Kuna mtu kaegemea kwa ndani," mlinzi akasema, akabadilisha bega.

Kibao wamekifunga kwa kamba kwenye kitasa, maneno ni yaleyale. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Fundi anapita katikati ya magari, anashuka ghalani na kupiga hodi. Hakaribishwi. Anachosikia ni komeo likisukumwa tena, na mtu anayehakikisha amefunga.