Mkeka Ulioizunguka Nguzo

"Shikamoo, Mwenyekiti. Futa hiyo alama."

Shamte hakugeuka. Kipande cha makaa kilikuwa bado mkononi, na kwenye ukuta wa nyumba ya mawe alikwishachora duara kubwa jeusi, la kuwaonyesha vijana wa nyundo pa kuanzia.

"Marahaba, Mwanamkuu. Sifuti. Kijiji kinataka ghala la mbata, na mawe yaliyokwisha chongwa ni haya."

"Na sisi tutakwenda wapi?"

"Majumbani kwenu. Nimewapa chumba tangu kabla ya mvua. Mmetoa nini? Vikapu viwili."

"Na kawa moja," Mwanamkuu akasema.

"Na kawa moja. Nisamehe."

Nyumba ile ilijengwa na mfanyabiashara wa mikeka, enzi ambazo Chole ilikuwa mji na si magofu. Wanawake wa kisiwa kizima walileta mikeka yao pale, ikafungwa mitumba, ikasafirishwa hadi Unguja na kwingineko. Kisha tajiri akaondoka, majamvi ya dukani yakaingia, bei ikaanguka, mizizi ya miti ikaingia kutani. Msichana wa Chole akawa anaolewa hajui kusuka hata mkeka duni wa kuanikia dagaa.

Mwanamkuu naye alikuwa mmoja wa wasichana hao. Alisoma, akapata stashahada ya maendeleo ya jamii bara, akarudi na watoto wanne na cheo cha Bibi Maendeleo. Kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa aliomba nyumba ya tajiri iwe ya wasukaji. Yeye na wenzake walifyeka, wakachoma magugu, wakaezeka makuti kile chumba kikubwa chenye nguzo ya mawe katikati. Nguvu zikaishia hapo. Asubuhi shamba la kijiji, jioni jikoni, na ukili hausukwi usingizini.

"Mkutano wa kijiji ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi," Shamte akasema. "Nionyesheni mkeka wa kukijaza chumba hiki, nami mwenyewe nitasimama niseme nyumba ina kazi. La sivyo, nyundo."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini mtaweza?"

"Nimesema nimesikia."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alipiga hesabu, na hesabu ilikataa. Mkeka wa ukubwa ule ni kazi ya miezi, tena kwa mikono inayojua. Alifika, akabandika uji, akainua mkono kuchukua ungo uliochomekwa chini ya paa. Vidole vikagusa kitu kingine. Ukili wa mama yake, utepe wa ukindu uliosukwa ili ushonwe kuwa mkeka.

Chole ina desturi yake. Mwanamke akifa na ukili mkononi, ukili ule huviringwa ukatundikwa paani. Haumaliziwi wala hautupwi. Ukishikwa, husemwa, mwenyewe ataamka aulizie kazi yake. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa na ukili wa namna hiyo, umeliwa na moshi, hakuna anayeutazama.

Mwanamkuu akautazama mpaka uji ukafurika.

Kesho yake aliwakusanya wenzake kwenye nyumba ya mawe akawaambia. Kila mmoja ashushe ukili wa marehemu wake, aumalizie, na zote zishonwe mkeka mmoja.

Bi Biasha, mkubwa wao, ambaye ni mama mdogo wa Mwenyekiti Shamte, akatema ugoro kando.

"Unataka tusuke na maiti?"

"Nataka tumalize kazi zao."

"Ndivyo walivyokufunza chuoni?"

"Chuoni walinifunza kuoka keki kwenye sufuria. Hili nimelifikiri mwenyewe."

Mwanaharusi, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Sheikh anasemaje?" akauliza mwingine.

"Nimemuuliza. Amesema si dini, ni mazoea, na mwenye kumwombea dua marehemu wake na aombe huku anasuka."

"Sheikh hana ukili paani kwake," Bi Biasha akasema, akainuka. Wengine wakafuata.

Hakuwabembeleza. Asubuhi aliketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mawe, penye njia ya kisimani, ili kila mwenye ndoo ampite. Akakunjua ukili wa mama yake. Mwishoni miyaa, zile nyuzi za ukindu, ilikuwa imetawanyika kama mama alivyoiacha, inangoja. Akailowesha, akachomeka ukindu mpya, akavuta. Ule mvuto wa mama, wa kukaza mpaka kidole kinauma, ukamjia mkononi. Hakulia. Alikuwa na watoto wa kupeleka shule na shamba la kijiji lilikuwa linamsubiri. Alisuka.

Alisuka vibaya. Wa mama ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi. Wake ukawa mara mpana, mara mwembamba, unakwenda upande kama kaa. Wenye ndoo walisimama.

"Huo ukili au utumbo?" Mwanaharusi akauliza.

"Cheka. Ukimaliza kucheka lete wako."

Siku ya pili Mwanaharusi alileta wa bibi yake. Akafuatwa na dada yake, na huyo akamleta wifi yake. Bi Biasha alipita na ndoo, akarudi na ndoo. Siku aliyosimama, aliuchukua ukili kwenye mapaja ya Mwanamkuu akaupitisha vidoleni, kuanzia kwa mama kwenda kwa mtoto.

"Mama yako angekuchapa."

"Angenichapa. Lakini hayupo, na ukili hausogei wenyewe."

Bi Biasha akatua ndoo. Akafumua shubiri nzima ya kazi ya Mwanamkuu, akamrudishia. "Anza tena. Kaza." Kisha akaenda zake. Alasiri alirudi na kitu kimefichwa chini ya kanga, akakaa kona ya ndani kabisa, akawapa mgongo.

Wiki ya mwisho wakashona. Washonaji wa Chole huanzia kwenye kuta mbili kwa pamoja wakakutana katikati, asije mmoja akamngoja mwenzake. Ndivyo mama zao walivyoshona, na ndivyo walivyofanya, huku wanatukanana, wanaimba, na kila mmoja akitaka ukili wa marehemu wake uwe karibu na kibla. Katikati walikuta nguzo. Mikono haikuuliza. Waliupinda ukili huku na huku, Bi Biasha akaizungushia nguzo ukili aliokuja nao, akapiga fundo la mwisho.

Mwanaharusi akanyoosha mgongo, akatazama. "Enhe. Mkutano si uwanjani pa shule? Sasa tutautoaje?"

Mkeka ulikuwa umeikumbatia nguzo, na nguzo ilikuwa imeshika paa.

"Kisu," mmoja akasema taratibu.

"Nani atakata?" akauliza Bi Biasha.

Mwanamkuu akaizunguka nguzo mara moja, polepole. "Hautoki," akasema. "Mkutano ndio utakaokuja."

Ijumaa baada ya sala alisimama njiani, akawageuza wanaume kama anayegeuza mbuzi. Walinung'unika, lakini mlangoni wakavua makobazi bila kuambiwa. Kila mtu alikuwa akitafuta chini ukili wa marehemu wake. Mmoja alichuchumaa akagusa, akafuta uso kwa kofia.

Shamte alisimama mlangoni. Vijana wa nyundo walikuwa nyuma yake.

"Mkeka nimeuona," akasema. "Mzuri. Lakini ghala nalo lazima. Ukatwe hapo kwenye nguzo, utolewe, mtaushona mahali pengine."

Mwanamkuu akampa kisu. "Kata wewe."

Shamte alikipokea, akakanyaga mkeka kwa miguu mitupu, akapiga goti penye nguzo. Akautazama ukili uliozungushiwa nguzo. Ukili ule ulikuwa na wekundu ndani yake, wekundu wa magome ya mkoko, na alipokuwa mtoto ni yeye aliyekuwa akitumwa kuyabandua.

"Huu umetoka wapi?"

"Paani kwako," akasema Bi Biasha. "Ulikuwa Kilindoni kwenye vikao vyako. Nimeingia, nimechukua."

"Bila kuniuliza, mama?"

"Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Haya, kata."

Shamte akakilaza kisu juu ya jiwe la kitako cha nguzo.

"Na ghala?" akauliza bila kumwangalia mtu.

"Pwani mawe yamejaa," akasema Mwanamkuu. "Sisi tutayabeba, nyinyi mtajenga. Kesho maji yakikupwa."

"Mtabeba ninyi?"

"Nimesema."

Shamte akawageukia vijana. Akamwambia mmoja atafute kitambaa afute ile alama ya makaa.

Kesho yake maji yalipokupwa Mwanamkuu alikuwa wa kwanza pwani, kata ya kubebea mzigo kichwani, na vijana wa nyundo walikuwa wa pili. Bi Biasha alikuja mwisho. Hakuja kubeba, alikuja na ukindu.

"Jioni uje nyumba ya mawe," akasema. "Huo ukili wako wa mlangoni watu wanajikwaa. Nimeufumua."

"Wote?"

"Wako. Wa mama yako nimeuacha."

Mwanamkuu akajitwika jiwe. "Nitakuja."