Jani la Kufukuza Mchwa

Kazi yake chuoni ilikuwa kuandika habari za watafiti, na aliifanya kwa moyo wa fundi anayepaka rangi gari bovu. Mtafiti akisema "huenda", yeye aliandika "hakika". Akisema alisomea wadudu kwa sababu darasa jingine lilijaa, yeye alimtafutia utoto wa kukimbizana na vipepeo. Watafiti walimwita Bwana Chumvi, na yeye, maskini ya Mungu, alidhani wanamsifu.

Siku moja alitumwa kwa daktari wa mchwa, mama asiye na maneno mengi, aliyetumia miaka kupima kama maji ya jani moja la porini hufukuza mchwa. Maabara yake ilijaa vipande vya mbao vilivyopakwa maji hayo. Vyote vilikuwa vimetafunwa.

"Halifukuzi," daktari alisema. "Andika hivyohivyo."

"Sasa hapo habari iko wapi, daktari?"

"Ndiyo hiyo. Watu wanapaka hilo jani, nyumba zinaliwa."

Bwana Chumvi alirudi ofisini akikuna kichwa. Nani atasoma habari ya jani lisilofanya kazi? Akaandika kwa herufi kubwa: "Mtafiti Wetu na Siri ya Jani la Mchwa." Uongo hakusema, aliapa hivyo mwenyewe. Lile neno "halifukuzi" aliliweka aya ya mwisho, chini ya picha, mahali ambapo msomaji hufika kachoka, kama anafika.

Makala ikapendwa. Aliyeipenda kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, ambaye tangu harusi alikuwa akiuliza binti yake kaolewa na mtu wa kazi gani hasa. Safari hii aliubandika ukurasa sebuleni, akapiga simu.

"Mkwe wangu, leo nimejua una kazi. Kesho mafundi wanaanza kupaua upya nyumba yangu. Nimewaambia dawa ya dukani waachane nayo, mbao zipakwe jani la daktari wako."

Bwana Chumvi alishukuru, kwa mazoea tu, kisha jasho likamtoka. Akisema kweli, anarudi kuwa mkwe asiye na kazi. Akinyamaza, mama wa watu ataangukiwa na paa.

Asubuhi alikwenda kwa mama mkwe, akamkuta fundi ameshachovya brashi kwenye ndoo ya maji ya kijani.

"Mama, hilo jani halifanyi kazi."

"Si umeandika wewe?"

"Nimeandika. Iko aya ya mwisho."

Mama mkwe alivaa miwani, akausogelea ukuta, akasoma mpaka chini, midomo ikicheza.

"Daktari alikuambia haya?"

"Aliniambia, tena akasema niandike hivyohivyo."

"Basi mwanangu, si ungeanza na hilo? Ningesoma. Paa ni langu."

Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba hana wasomaji, na huyu hapa mmoja, miwani usoni, alichotaka ni ile sentensi moja aliyoificha. Aibu ilimshika hata akashindwa kuketi.

Fundi akatumwa dukani. Aliporudi na kupaka mbao za kwanza, akaomba kitu cha kufutia brashi. Mama mkwe alibandua ukurasa ukutani, akampa. Fundi akafuta juu mpaka chini, karatasi ikalowa dawa yote, na Bwana Chumvi akakiri moyoni kwamba sasa ndiyo makala yake ingeweza kuua mchwa.