Mapigo Haya ni ya Nani

Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya maternité, wodi ya kujifungulia, kule Beu mjini Beni, umeme ulipokatika. Kompyuta ya Shekinah iliendelea kwa betri yake, lakini kisanduku kilichobeba nyaya za USB kikazima, na ile mistari miwili ya mapigo ya moyo ikatoweka kwenye kioo. Mmoja ulikuwa wa mtoto wa Joyeuse, kitanda cha dirishani. Wa pili wa mtoto wa Bénite, kitanda cha mlangoni. Mama wote wawili walikuwa kwenye uchungu, kila mmoja na kipimo kimefungwa tumboni.

Groupe, ile jenereta, ikawashwa uani, ikanguruma, mistari ikarudi. Ule wenye jina la Bénite ukaanza kushuka.

Docteur Phinées aliutazama kidogo tu, akaagiza Bénite apelekwe kupasuliwa. Mkunga, Mama Marie-Jeanne, alijaribu kusikiliza tumbo kwa pembe yake ya ukunga, akatikisa kichwa. Mvua na groupe vilimeza kila kitu. Ilibaki kuamini mashine.

Mashine hiyo aliiunga Shekinah mwenyewe, aliporudi kutoka chuoni Butembo. Alijua jinsi kiini cha mfumo wa kompyuta kinavyopokea kifaa cha USB: kinakiuliza umetengenezwa na nani, u wa aina gani, kisha kinayaweka majibu kwenye kumbukumbu, pamoja na tundu ambamo kifaa kimechomekwa. Hiyo ndiyo picha ya kifaa. Halafu kinatafuta pilote, programu inayojua kuongea na vifaa vya aina hiyo, na pilote inakipa namba kwa zamu ya kufika. Cha kwanza sifuri, cha pili moja. Vipimo hivi vilitoka kiwanda kimoja na vilijibu sawasawa, huwezi kuvitofautisha. Basi Shekinah alikuwa ameiambia programu yake kwamba sifuri ni dirishani, moja ni mlangoni. Kila asubuhi alichomeka cha dirishani kwanza, na mambo yakaenda.

Leo hakuna aliyechomeka kitu. Viliamka vyenyewe umeme uliporudi, bila kufuata zamu.

Akafungua ile picha. Sifuri ilikuwa imekaa kwenye tundu la kipimo cha mlangoni.

Akafumbua mdomo, akaufumba. Hata kwenye kwaya aliimba nyuma ya wenzake ili asisikike. Na kama amekosea? Brancard, machela ya magurudumu, ilikuwa imeshafika mlangoni, Bénite juu yake, ameng'ang'ania ukingo.

"Docteur, ngoja kwanza. Ile mustari hapana ya Bénite. Iko ya Joyeuse."

Docteur akageuka. "Shekinah, mutoto anakufa, na wewe unaniletea mambo ya ordinateur. Uko na hakika?"

"Niko na woga, docteur. Mais niko na hakika." Akamwomba mkunga agonge kile kipimo cha Joyeuse kwa kidole.

Mama Marie-Jeanne hakuuliza sababu. Akagonga. Kwenye kioo, mstari wenye jina la Bénite ukaruka. Akagonga tena, ukaruka tena.

Bénite akarudishwa kitandani, Joyeuse akapandishwa. Alipopitishwa karibu na meza, akamshika Shekinah nguo, akamwita kama ndugu yake mkubwa.

"Yaya, ni mutoto wangu?"

Shekinah aliitikia kwa kichwa.

Mlango wa upasuaji ulipofungwa, akakaa kuibadilisha programu, iulize tundu na isijali tena nani kafika kwanza. Akamaliza. Akaomba ruhusa, akagonga kipimo cha Bénite, na mstari wa Bénite ukaruka. Hakuamini. Akagonga tena, na tena.

"Acha sasa," Bénite akamwambia taratibu, "utamuamusha mutoto."

Mvua ilikuwa imepungua. Nyuma ya ukuta kikasikika kilio chembamba, kikakatika. Shekinah akabaki na kidole hewani, hapumui, mpaka kilipokuja tena.