Jiwe la Tano la Wayarmeni

Kwa miaka thelathini na moja Mama Adelaïde Mukandayisenga alikuwa akisugua makaburi ya watu asiowajua. Yalikuwa matano, juu ya kilima nyuma ya shamba lake la maharagwe, upande wa Kirolirwe, kwenye milima ya nyuma ya Goma. Waliolala humo walikuwa Wayarmeni, watu wa Armenia, waliokuja enzi za Wabelgiji, wakafungua duka, wakafuga ng'ombe, wakafa. Baba yake aliwapikia. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho alimwambia binti yake kitu kimoja tu: "Ile makaburi, usiache majani iyafunike." Adelaïde hakuuliza kwa nini. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipanda kilima na jembe, ndoo ya mchanga na brosi ya waya, akayasugua mawe mpaka jasho limtoke.

Aibu yake ilikuwa moja. Makaburi yalikuwa matano, lakini mawe yalikuwa manne. La tano lilipotea mwaka ule wa vita, wakati kijiji kizima kilikuwa kimekimbia. Aliporudi alipanda maua mahali pake na kunyamaza.

Kwa hiyo paroko, Abbé Sylvain, alipomletea barua kutoka Ubelgiji, alimwomba aisome mara mbili. Mjukuu wa mmoja wa wale marehemu, Madame Araksi, alikuwa anakuja kuyaona makaburi, ili jamaa zake waliotawanyika duniani wajue namna ya kuyahifadhi. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya zamani. Mawe matano, wazi kabisa.

"Anakuja lini?"

"Alhamisi."

"Abbé, mumuandikie niko mugonjwa."

"Haji kukuona weye, Mama. Anakuja kuona babu yake."

Asubuhi iliyofuata Adelaïde alikwenda kwa jirani yake, Papa Isidore Kanyamibwa, mwenye ng'ombe kumi na mmoja na jibu la kila swali. Alitaka kumwomba tu ng'ombe wasipite kilimani siku ya mgeni. Aliwakuta uani wamelizunguka jiwe pana, wanalamba chumvi. Alilitazama lile jiwe ukingoni. Lilikuwa limechongwa mzabibu, jani kwa jani, kama yale manne anayoyajua kuliko uso wake mwenyewe. Akapiga magoti ili aone vizuri, ng'ombe mmoja akamlamba sikio.

"Papa Isidore! Hii jiwe umeitoa wapi?"

"Niliikuta njiani."

"Njiani? Ilikuwa inaenda wapi?"

Isidore alikuna kichwa. "Mama, ilikuwa vita. Kila kintu ilikuwa inakimbia."

Walibishana mpaka maziwa yakachacha. Isidore alisema ng'ombe zake hawajui kulamba chumvi mahali pengine. Adelaïde akasema basi Alhamisi atamleta mgeni hapa uani, amwonyeshe babu yake yuko chini ya ulimi wa nani. Isidore akaenda kutafuta wanaume na miti.

Wanaume wanane walilibeba. Upande uliokuwa chini ulikuwa na maandishi, na huko juu kilimani hakuna aliyejua kichwa chake kiko wapi. Abbé alikuwa na mawazo yake. Isidore alisema herufi hizi ni ndoano, na ndoano hutazama chini. Adelaïde aliwaacha waseme, akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza, akafumba macho.

"Mugeuze," alisema. "Munamusimamisha muzee wa watu kwa kichwa."

Wakageuza.

Alhamisi ikafika. Adelaïde alivaa kitenge cha sikukuu, akasimama kando ya njia. Alipousikia mlio wa jeep aligeuka kutazama makaburi mara ya mwisho, akaona ng'ombe kumi na mmoja juu ya kilima. Wameangusha ua wa miti uliozunguka makaburi, wamelizunguka jiwe la tano. Zaidi ya miaka ishirini ya chumvi ilikuwa imeingia ndani ya lile jiwe, na wenyewe walikuwa wameifuata.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Madame Araksi, mama wa miaka sitini na kitu mwenye kofia ya majani, alishuka, akatazama, mdomo wazi.

"Angalia!" alipaza sauti. "Ngombe inalamba babu!"

Ndipo ilipojulikana kwamba alizaliwa Goma na aliondoka akiwa na miaka sita. Kiswahili chake kilibaki pale pale kwenye miaka sita. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, kisha akafuta macho na kusema, "Minataka kuona. Toka, ngombe, toka! Mubaya weye!"

Ng'ombe walipoondolewa, alisoma jiwe la tano pasipo shida. Herufi zilikuwa kali kama zimechongwa jana, kwa kuwa zilitazama ardhi miaka yote. Hagop, mchuuzi wa nguo, aliyezaliwa Kharpert, mji wa zamani wa Wayarmeni. Isidore akajongea mbele na kutoa kofia.

"Madame, ni miye nilimuhifadhi."

Adelaïde alitaka kumpiga kwa mwavuli. Lakini baya zaidi lilikuwa linakuja. Araksi aliinama kwenye jiwe la kwanza, la pili, akapapasa, akasoma nusu neno, akakwama. Kisha akaiona ndoo ya mchanga na brosi ya waya.

"Mama," alisema taratibu, "brosi inakula maandiko."

Adelaïde aliitazama ile brosi. Miaka thelathini na moja! Mwizi alilihifadhi jiwe lake, na yeye kwa mapenzi yake yote alikuwa amewafuta wanne. Isidore akaichukua brosi, akaificha nyuma ya mgongo.

"Lete kidaftari," Adelaïde alisema ghafla.

Alipiga magoti. Kila mwezi, baada ya kusugua, alikuwa akitoa mchanga ndani ya herufi kwa ncha ya kidole, moja moja. Hakujua hata moja inaitwaje, lakini kidole kilijua. "Hapa mukia inashuka. Hapa ndoano mbili, zinapeana mugongo. Hapa kama kiti." Alichora hewani, Araksi akaandika. Jua lilipokuwa utosini Araksi alisoma kwa sauti: Nshan. Yeghia. Vartuhi. Na mtoto wake, Maro, wa miezi minne.

"Mutoto?" Adelaïde aliuliza. "Kumbe ule mudogo alikuwa mutoto?" Akaweka kiganja juu ya jiwe la nne, dogo kuliko mengine.

Brosi ilipigwa marufuku. Sasa ni maji na kitambaa laini. Isidore alijenga ua mpya kwa mikono yake, akajiita conservateur, yaani mhifadhi, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumkatalia. Siku ya marehemu wote, Adelaïde alisimama kanisani na kusoma majina matano, ulimi ukijikwaa. Waumini, wakidhani ni watakatifu wageni, waliitikia kila jina kwa sauti moja: "Utuombee!" Abbé Sylvain alifungua mdomo asahihishe, akaufunga, akaendelea na misa.