Mwenyekiti Apandishwa Ndege Kuukuu

Kwa miaka sita mwalimu wa klabu ya ndege zisizo na injini aliomba ndege mpya ya mafunzo, na kwa miaka sita mwenyekiti alimjibu vilevile: "Mwalimu, ya kale ni dhahabu." Dhahabu yenyewe ilimzidi mwalimu umri, na viraka vyake vilikuwa vingi kuliko rangi.

Jumamosi moja mwalimu alichoka kubembeleza. "Basi mwenyekiti, leo panda wewe."

Mbele ya wanachama wote, mzee angekataaje? Akajibana kiti cha mbele, mwalimu akakaa nyuma, wakavutwa kwa kamba hadi juu, kisha kamba ikaachiwa. Kukawa kimya, isipokuwa ndege ilikuwa ikilia kwi-kwi-kwi kama kitanda kibovu.

"Kelele gani hizo?"

"Ndiyo kawaida yake. Ikinyamaza ndipo tuogope."

Jasho likamtoka mwenyekiti. Akataka hewa, akavuta kishikio cha kidirisha, nacho kikamjia mkononi.

"Mwalimu! Kimeng'oka!"

"Kitie mfukoni, mzee wangu. Fundi hukirudishia kila wiki."

Mwenyekiti akakitia mfukoni, akang'ang'ania kiti mpaka gurudumu lilipogusa nyasi. Alishuka, akaitisha mkutano palepale uwanjani.

"Wanaotaka ndege mpya wanyooshe mkono," alisema, na yeye akanyoosha yote miwili.

Katibu akamkumbusha kwamba kila mtu ana kura moja.

"Hii ya pili ni ya mke wangu," akajibu. "Nusura awe mjane."