Barua ya Kuacha Kazi

Alikuta mlango wa chumba cha pampu umetiwa kufuli jipya. Mlinzi akamkwepa macho. "Dada, pitia kwa meneja kwanza."

Miaka tisa nyuma aliingia pale kwenye mitambo ya maji kama mfagizi asiyejua a wala be, mshahara akiupokea kwa dole gumba. Akasoma masomo ya jioni, akasomea ufundi, akawa fundi wa pampu. Jumatatu hiyo ndiyo angeanza kusimamia zamu zote.

Meneja akamsogezea karatasi. "Mama, barua yako tumeipata. Ahsante kwa utumishi wako."

Akaisoma. Eti anaacha kazi kwa hiari, akalee familia. Chini, badala ya saini, alama ya dole gumba.

"Nani kaileta?"

"Mumeo."

Damu ikamchemka. "Bosi, daftari la mitambo natia saini kila siku, nawe unatia yako chini ya yangu. Dole hili umelipokeaje?"

"Mambo ya mke na mume mimi nayaingiliaje? Mlete, aseme kwamba amekuruhusu kurudi."

"Aniruhusu! Bomba kuu lilipopasuka, ulimpigia simu yeye?"

Meneja akajikuna shingo. Mama akavuta kidau cha wino, akachovya dole lake, akalikandamiza kando ya lile jingine. Hata kipofu angeona hayafanani: lile la kwanza lilikatwa katikati na kovu la dole la mumewe, alilolijua fika. Chini yake akaandika, *Sijaacha kazi*, akasaini.

"Piga muhuri. Nakala moja ni yangu. Na ufunguo."

Meneja akampa vyote viwili. Mama akafanya kazi mpaka mwisho wa zamu.

Nyumbani, mumewe hata hakuinuka kitini. "Nimekutua mzigo, hata ahsante hakuna? Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Kwa hiyo ukaghushi."

"Nimekuachia usome, sasa unanipanda kichwani!"

"Umeniachia? Siku ya mtihani ulinifungia ndani, nikatokea dirishani! Kesho nakwenda polisi na nakala hii."

Mume akacheka. Alipomwona mkewe hacheki, akalainika. "Mama watoto, hebu tuyamalize wenyewe."

"Utayamalizia kituoni."

Akaenda kweli. Mume akaitwa, akahojiwa, akafunguliwa kesi. Mashemeji wakaja mmoja mmoja kumsihi aifute. Akawakaribisha viti, akawasikiliza hadi mwisho, akakataa. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, wala hakuona sababu ya kuiharakisha itoke.