Taa ya Mama Mkwe

Mama alifika alfajiri na basi la usiku kutoka nyumbani, na kuku mzima kapuni na mkungu wa ndizi begani. Kabla hajanisalimu alimchukua Roseline mikononi mwangu, akamnusa shingoni, akamwambia, "Kumbe ndiwe unayeninyima usingizi hivi." Mtoto wangu wa miezi mitatu akamkagua kwa mashaka, kisha akampigia chafya usoni. Mama akacheka mpaka ikambidi aketi.

Mimi ndiye niliyemwomba aje akae nasi hadi mvua ziishe. Nilipojifungua niliacha masomo ya jioni, yale yanayofundishwa kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu alikuwa ameniambia nafasi yangu ataishikilia hadi Jumatatu, basi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Bila mtu wa kubaki na Roseline, nafasi hiyo ingepewa mwingine.

Lakini kuna jambo nililojifanya nimelisahau. Huku mtaani Dandora tulikuwa na chumba kimoja, na mwenye chumba ni mume wangu Patrobas.

Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja hujifanya ameona kitu kichakani. Na kulala chini ya paa la mume wa bintiye, mama hawezi, hata mvua ya mawe inyeshe.

Kwa hiyo alikaa kwenye kigoda nje ya mlango akinywa chai. Patrobas akatoka huku akitazama ukuta, akainama kidogo.

"Selpher, mwambie mama karibu sana."

"Mwambie nimekaribia," mama akasema, akiziambia ndizi zake.

"Mwambie nimefurahi amefika salama."

"Mwambie dereva alikuwa na wazimu, lakini Mungu yupo."

Mimi nilikuwa katikati yao, sijafungua mdomo bado, na ujumbe wote ulikuwa umeshafika.

Patrobas alipoondoka, mama aliweka kikombe chini. "Nitarudi na basi la leo jioni. Nimemwona mtoto, inatosha." Alisema inatosha huku amemkumbatia Roseline kama mtu anayeshikilia mzigo wake kwenye msongamano.

Aliyetuokoa ni Maingi, fundi wa magari ambaye uwanja wake umetenganishwa na chumba chetu kwa ukuta wa mabati. Uwanjani mwake kulikuwa na karavani, nyumba ya magurudumu aliyoinunua kwa kampuni moja ya kupeleka watalii porini ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Alitaka kuigeuza hoteli ya chai, aipeleke karibu na viwanda. Maingi ni Mkamba, na shida yetu hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Hata kwetu ukiona mama mkwe anakuja, unaruka mtaro," alisema. "Mama alale kwa karavani. Hiyo si nyumba ya Patrobas. Ni yangu, na mimi hapa si mkwe ya mtu."

Mama aliikagua. Akabonyeza godoro, akafungua kabati moja baada ya jingine, akapitisha kidole juu ya dirisha akitafuta vumbi. Nilimwona ameipenda, ingawa midomo aliikaza.

"Safi," akasema. "Lakini ikifika saa moja humu ni giza totoro. Mtanipa taa ya mafuta?"

"Ya mafuta hapana, mama," Maingi akasema. "Humu yote ni mbao nyembamba na sponji. Ikishika moto, hata ndoo hutafika kuchukua."

"Basi mimi siwezi kumlaza mjukuu wangu gizani. Nitajuaje nepi imelowa nini?" Alikuwa amepanga mtoto alale naye ili mimi nipumzike. "Basi la jioni linaondoka saa ngapi?"

Nikamjibu ni saa moja, kisha nikakimbia kumwita Patrobas, kwa sababu taa tulikuwa nayo.

Stima, yaani umeme wa nguzo, ilikuwa haijafika safu yetu ya nyumba. Patrobas hufanya kazi kwenye karakana ya kufufua betri za magari huko Industrial Area, kwenye viwanda, na siku moja alimkuta Maingi akila ugali juu ya meza ya ajabu, ya kioo cheusi chenye mistari. Ilikuja pamoja na karavani. "Bwana Maingi," Patrobas akamwambia, "unakula juu ya sola." Maingi akainua sufuria yake haraka kama aliyeambiwa anakula juu ya kaburi, akampa kioo hicho cha kuvuna jua.

Mume wangu aliiunda taa ile kipande kwa kipande. Sola aliifunga juu ya paa letu. Betri ya lori aliyoifufua mwenyewe aliitia ndani ya sanduku la mbao lenye matundu na kuiweka nje ya ukuta, kwa sababu mvuke wa betri si wa kuvutwa na mtoto. Mita aliing'oa kwenye dashibodi ya gari bovu. Usiku wa kwanza taa ilipowaka juu ya meza yangu, aliniwekea kitabu mbele, akasema, "Soma tuone kama inafaa." Nilisoma ukurasa mzima kwa sauti. Yeye alikuwa akitazama taa, halafu mimi, halafu taa.

Sasa aliponisikia alikuja mbio. Alichukua waya mnene, akaupitisha kwenye tundu la mabati hadi karavani, akafunga balbu ndogo mwishoni. Ilikuwa imewaka hata kabla chai ya saa nne haijachemka. Nikamwita mama aione.

Mama aliitazama balbu, akautazama waya, akaufuata kwa macho hadi ulipopotelea.

"Huu mwanga unatoka wapi?"

"Kwenye betri, mama."

"Betri iko wapi?"

"Kwenye sanduku, kwa ukuta wetu. Upande wa nje!"

"Na hicho kinacholamba jua?"

"Kiko juu ya paa."

"Paa la nani?"

Nikaanza kukunja ncha ya waya.

"Selpher, mwanangu, mnataka nilale chini ya paa la mkwe wangu, ila limefungwa kwa kamba likavutwa huku." Hakuwa amekasirika. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilinitia hofu kuliko hasira. "Kama basi ni saa moja, nianze kujikusanya."

Ng'ambo ya mabati Patrobas alikuwa ameyasikia yote. Kisha nikasikia ngazi ikiburutwa. Nilipotoka nilimkuta Patrobas juu ya paa letu akifungua sola.

"Baba Roseline, unafanya nini?"

"Nahamisha kila kitu. Sola ikae juu ya karavani, betri chini yake. Iwe ya kwake, isiwe na mahali popote inapogusa kwangu."

"Na sisi?"

"Sisi tuna mshumaa." Akafuta kioo kwa mkono wa shati. "Wewe unataka kusoma au unataka taa?"

Sola ikashuka, betri ikazungushwa nje kwa rukwama. Lakini juu ya karavani nani apande? Patrobas hangeweza. Kile sasa kilikuwa chumba cha mama mkwe, naye atembee juu ya kichwa chake? Maingi ana mwili, na lile paa ni jembamba. Nikavaa ovaroli ya mume wangu, nikaikunja miguuni.

"Yesu wangu," mama akasema, amemfunga Roseline mgongoni na ameshika ngazi. "Nilimzaa msichana, sasa nina fundi wa Industrial Area."

Patrobas alisimama upande wetu wa mabati, ametugeuzia mgongo.

"Selpher, ilaze karibu sawa na paa! Iiname kidogo tu, mvua iioshe vumbi."

"Anasema iiname kidogo," mama akanipasia, ingawa nilikuwa juu na nilimsikia vizuri kuliko yeye.

"Na ifunikwe gunia mpaka waya zote ziungwe!"

"Gunia, Selpher! Unasikia unavyoambiwa?"

Nikaifunga. Nikashuka, nikaunga waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mama akalivuta gunia kwa ufito. Jua la adhuhuri likakipiga kile kioo. Nikautazama mshale wa mita. Haukutikisika.

Niliwasha balbu, ikawaka vizuri.

"Inawaka!" mama akasema.

"Inawaka kwa kile kilichobaki cha jana," nikamwambia. Nikajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Jua haliingii. Leo itawaka, kesho itafifia, kesho kutwa ni giza."

Mama aliangalia jua lilipofika. Nilijua anapima safari ya kwenda stesheni ya basi.

Upande wa pili Patrobas alikuwa ameweka paji la uso kwenye mabati. "Selpher, usilie. Nielezee tu unachokiona. Anza kwa sola, shuka na waya."

Nikamweleza, fundo baada ya fundo. Nilipofika kwenye kidude kidogo cheusi nilichokiunga katikati ya waya, kidogo kuliko punje ya haragwe, aliniuliza, "Hicho kina pete nyeupe. Pete inaangalia wapi?"

"Inaangalia sola."

"Eh! Umeniletea raha. Igeuze. Pete iangalie betri."

"Kidude chenyewe ni cha nini?" mama akauliza, na kwa mara ya kwanza hakusema mwambie.

Maingi, aliyekuwa akijifanya anatafuta spana, alisimama.

"Ni kama mlango wa kusukuma, mama," Patrobas akajibu polepole, bado ametazama pengine. "Unafunguka upande mmoja tu. Mchana umeme unapita kwenda kwa betri. Usiku ukitaka kurudi kwa sola, unaukuta umefungwa."

Mama akakitazama kile kidude mkononi mwangu. "Hakirudishi kitu nyuma?"

"Hakirudishi, mama."

"Basi hiki kina adabu za ukwe," mama akasema, na Maingi akacheka hadi spana ikamponyoka.

Nilikigeuza. Mshale ukaruka, ukasimama upande wa pili ukitetemeka. Nilipiga kelele, Roseline akaamka mgongoni mwa mama akapiga za kwake.

Jioni, giza lilipoanza kuingia, mama aliwasha taa yake mwenyewe. Akaizima, akaiwasha tena. Akamlaza Roseline kitandani, akambadilisha nepi, akamwinamia akimhesabia vidole vya miguu. Saa ya basi ilikuwa inakaribia. Nilikaa kwenye kona nikiwa bado na ovaroli, nikikunja nepi ambazo zilikwisha kukunjwa.

Mama akafungua pazia, akatazama upande wetu. Dirisha letu lilikuwa jeusi. Patrobas alikuwa anatafuta kitu ndani, tukasikia amejigonga kwenye meza, akajisemea, "Pole, bwana."

"Amekaa gizani?"

"Hajapata mshumaa, nadhani."

"Kwa hiyo taa hii ndiyo ilikuwa yenu. Mlikuwa na ngapi?"

"Hiyo tu."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na ule waya wa asubuhi, bado upo?"

"Upo, mama. Umekunjwa hapo nje."

"Mkwe hawezi kumfunika mama mkwe kwa paa lake. Lakini mama mkwe akimpelekea mkwewe chakula, kuna ubaya?"

"Hakuna."

"Ndizi zangu yeye hazili?"

"Anazila."

"Basi upitishe. Huu wa sasa unatoka kwangu kwenda kwake." Akainua sauti ipite mabati. "Baba Roseline! Una balbu nyingine?"

Kitu kikaanguka upande wa pili. "Ninayo, mama! Ni ya dari ya gari, ndogo tu."

"Ndogo inatosha. Usiimalize betri yangu."

"Sitaimaliza, mama."

Niliuunga waya mwenyewe, sikuhitaji kuelekezwa. Dirisha letu likapata rangi ya chai, na ndani yake nikamwona mume wangu amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akitabasamu na ukuta.

Huko barabarani basi fulani lilipiga honi ndefu. Mama hakugeuza kichwa. Alikuwa akivua viatu, akavipanga chini ya kitanda kwa utaratibu, visigino ukutani.

"Jumatatu," akasema, "umnyonyeshe vizuri kabla hujaenda. Na mkitoka darasani usisimame njiani kupiga hadithi. Huyu akiamka mimi sina maziwa ya kumpa."